Kanuni ya Nne ya Kaptarus

Ugonjwa ulipangwa uanzie Londiani, siku ya Jumanne, kwa dereva wa lori la viazi. Angeumwa na mtu asiyemjua, angefunga kidonda kwa kitambaa na kuendelea na safari, na kufikia Alhamisi mji wa Kericho ungekuwa umejaa maiti wanaotembea. Ijumaa wangefika Sotik. Jumamosi asubuhi wangepanda kilima cha Kaptarus, polepole, wakipitia ndani ya chai.

Haya yote yaliandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani mwa ukumbi wa kanisa. Aliyeyaandika alikuwa binti anayeitwa Jentrix, wa shirika moja linalozunguka vijijini kufundisha watu kujiandaa kwa majanga. Watu kama arobaini waliketi kwenye viti vya plastiki wakimsikiliza. Mzee Kipngetich, aliyekaa mbele kabisa kwa sababu ya masikio yake, aliinua fimbo akauliza kwa nini Londiani. Alikuwa na mkwe huko, mtu wa kanisa, analima viazi vyake bila kumsumbua mtu. Jentrix akasema ni mfano tu. Mzee akasema hata mfano uwe na adabu.

Kulikuwa na sababu ya kuchagua mazombi, na Jentrix aliieleza bila kuficha. Ukiwaambia watu wapange kuhusu kipindupindu, wataanza kuulizana choo cha nani kimejaa. Ukiwaambia wapange kuhusu vita, watanyamaza wote, kwa sababu huku mpakani mwa makabila kila mtu anakumbuka. Lakini zombi hana kabila, hana chama, wala hana shamba linalopakana na lako. Unaweza kumkimbia bila kumkosea jirani.

Watu walicheka, wakaona ni kweli. Mwanamume mmoja, Chepyegon, hakucheka. Alikuwa ameketi kando ya dirisha akitazama nje.

Nje kulikuwa na ukungu. Ukungu wa Kaptarus hupanda kutoka mtoni, ukaingia kwenye mistari ya chai na kulala juu ya majani, hivi kwamba mtu akipita huko unaona kichwa na mabega tu yakielea. Kwa miezi kumi na mmoja Chepyegon alikuwa akiutazama kila asubuhi kabla ya kukamua ng'ombe. Wakati mwingine aliona kitambaa cha kichwa kikipita. Kilikwenda hatua chache, kikainama, kikainuka, vile mtu anavyofanya akichuma. Halafu jua lilipanda na hapakuwa na kitu. Hakuogopa hata siku moja. Hakumwambia mtu pia, maana alijua wangemletea mchungaji.

Janeffer, mke wake, alikufa Aprili ya mwaka uliopita, saa sita mchana, katikati ya chai. Walikuwa wanachuma pamoja. Alisema amechoka, akaketi, halafu akalala kwa ubavu kati ya mistari miwili, mkono kifuani. Mabinti wao wote, Chela na wadogo zake, walikuwa wameolewa mbali, na simu ilikuwa nyumbani kwenye chaji. Chepyegon alimfunika kwa koti lake akakimbilia barabarani. Mvua ya mawe ilianza alipofika kwenye ua wa nyumba ya kwanza, na mvua ile ikipiga mabati, unaweza kupiga mayowe mlangoni kwa mtu na asisikie. Alipiga mayowe kwenye milango mitatu. Aliporudi na watu, dakika arobaini zilikuwa zimepita, barafu ilikuwa nyeupe juu ya chai yote, na Janeffer alikuwa amegeuka. Alipomwacha alikuwa ameangalia kilimani. Sasa alikuwa ameangalia ile njia ambayo mumewe alipitia akimwacha.

Hapo ndipo Chepyegon alipokwama. Si kwamba alikufa, watu hufa. Ni kwamba aligeuka, na hapakuwa na mtu wa kujua kama alisema kitu.

Siku ya pili ya mafunzo Jentrix alichora ramani: kanisa juu, barabara, kituo cha kupimia majani chini, mto. Kisha akauliza makaburi yako wapi, maana ukijua makaburi yalipo unajua adui atatokea upande gani. Aliuliza kama mtu anayeuliza soko liko wapi. Halafu mikono ikaanza kuinuka, na kila mkono ulionyesha upande wake. Huu ulionyesha nyuma ya zizi, ule kando ya tangi la maji, mwingine chini ya dirisha la jikoni. Huku mtu huzikwa kwake. Phyllis, karani wa kituo cha majani, ndiye aliyeshika kalamu, na alianza kutia misalaba midogo kwenye ramani. Aliposimama kupumzisha mkono hapakuwa na nyumba isiyo na msalaba. Mpango ambao Jentrix alikuja nao ulikuwa na ukuta mmoja wa kuzuia maiti wasifike nyumbani. Kumbe walikuwa nyumbani tayari, kila mtu na wake.

Nyumba ya Ogola tu ndiyo haikuwa na msalaba. Ogola alikuwa fundi wa mashine kiwandani mpaka alipostaafu, mtu wa kule chini Muhoroni, na ploti yake ilipakana na shamba la Chepyegon.

"Sisi wetu wamelala Muhoroni," alisema. "Waamke kule, wapande mpaka Fort Ternan, wapande tena mpaka huku. Zombi gani huyo atamaliza mlima wote huo kabla hajanywa chai?"

"Atanywa kwako," Kipngetich akamjibu. "Wewe ndio jamaa yake."

Kicheko kilipoisha mzee alimfundisha binti mambo. Alisema wafu wa Kaptarus wana njia yao ya kurudi na haizuiliwi na ukuta. Mtoto akizaliwa, akina mama hutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina atakalopigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Jentrix aliandika hayo kwenye daftari lake, labda kwa heshima. Chepyegon alifikiri kwamba tangu Aprili hakuna mtoto aliyezaliwa kwake wa kuulizwa jina la Janeffer. Akainua mkono.

Aliuliza kama hawa mazombi wanawakumbuka watu wao.

Jentrix alisema hapana. Zombi hamjui mke wala mtoto. Anatembea tu.

"Nani alimuuliza?" Chepyegon akasema.

Watu walicheka tena. Walidhani ni utani.

Kufikia Alhamisi mpango ulikuwa na kanuni nne. Ya kwanza, hatari ikija dereva wa lori la majani apige honi. Ilikubaliwa bila kupingwa, kwa sababu honi ya lori ndicho kitu pekee Kaptarus ambacho kila mtu husikia, hata kukinyesha, hata Mzee Kipngetich. Ya pili, watu wakisikia honi waache kila kitu wapande kanisani. Ya tatu, geti la kanisa lifungwe mazombi wakionekana kwenye chai. Ya nne ilisema hivi: aliyeanguka nje ya geti aachwe.

Mikono ilipoinuliwa kupitisha ya nne, wa Chepyegon ulibaki gotini. Baada ya kikao alimfuata Jentrix alipokuwa akikunja karatasi zake, akamwomba aiondoe. Binti hakuwa mtu mbaya. Alimweleza taratibu kwamba anayerudi kumfuata aliyeanguka huwafanya waliopotea kuwa wawili, na kwamba jambo hilo limechunguzwa na wataalamu. Alimweleza pia kwamba mpango si mchezo. Mazombi ni mfano, lakini kanuni zikishatiwa sahihi zitapelekwa kaunti, na zitakuwa za kilima hiki kwa kila janga, moto, maporomoko, ugonjwa. Watatu ndio watakaotia sahihi Jumamosi baada ya zoezi: Phyllis, Kipngetich, na yeye Chepyegon, kwa sababu yeye ndiye aliyepewa kazi ya geti la kanisa.

Chepyegon aliacha shule darasa la sita. Hakuwahi kuonana na mtaalamu. Alienda nyumbani akakata nyasi za ng'ombe, na wazo moja lilikwenda na kurudi pamoja na panga. Siku ile Aprili aliifuata kanuni ya nne kabla haijaandikwa. Sasa walitaka aitie sahihi.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito kupita kawaida. Saa moja na nusu asubuhi Chepyegon alisimama kwenye geti la kanisa na hakuweza kuona mti ulio hatua thelathini mbele yake. Chai ilianzia pale getini na kushuka ikamezwa na weupe. Sauti zilifika bila wenyewe. Ng'ombe alilia chini mahali fulani, mlango ukafungwa, mtu akakohoa karibu kabisa na hakuwepo. Jentrix alisimama kando yake na saa mkononi na karatasi ya alama.

Mazombi walikuwa kumi na wawili, wengi wao akina mama wa kanisa, wamejipaka majivu usoni. Walikuwa wamejificha chini karibu na mto. Walioishi kando ya barabara ndio wangekuwa watu wa kuokolewa. Kipkurui, dereva wa lori, alikubali kulileta mapema, tupu, ili apige honi. Kila mtu alikuwa ameambiwa. Kila mtu alikuwa amekubali. Phyllis alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwakumbusha.

Honi ililia saa mbili kasoro robo.

Ilikuwa sauti ndefu, nzito, na ukungu uliibeba kote. Chepyegon alifungua geti wazi kama alivyoagizwa akangoja watu. Alisikia milango. Alisikia miguu, mingi, ya haraka, ya gambuti na ya ndara, watoto wakiitwa, ndoo ikianguka. Ile miguu ikawa inapungua. Ilikuwa inakwenda chini.

Miaka yote ya maisha yao, honi hiyo imekuwa na maana moja. Lori limefika, leta majani, ukichelewa yataozea kwako. Vichwa vyao vilijua ni zoezi lakini miguu haikuambiwa. Watu wa Kaptarus waliacha kila kitu, kama kanuni ya pili ilivyosema, wakanyakua magunia ya majani waliyochuma tangu alfajiri na kukimbilia kituoni. Wengine walifika na magunia matupu na hawakujua kwa nini wameyabeba. Phyllis mwenyewe, aliyeandika kanuni zote kwa mkono wake, alikimbia akafungua mizani na kuanza kuwapanga foleni. Mzee Kipngetich alishuka na gunia robo, akamlaumu Kipkurui kwa kuja mapema hivyo bila taarifa.

Jentrix alingoja dakika tatu. Hakutokea mtu. Akamwambia Chepyegon abaki pale pale, yeye mwenyewe akateremka kuona kuna nini, na ukungu ukamchukua yeye pia.

Hivyo Chepyegon akabaki peke yake kwenye geti lililo wazi, na walio hai hawakuja, na waliokufa wakaja.

Aliona kwanza vichwa. Vilitokea kwenye weupe vikielea juu ya chai, nyuso za kijivu, vikisogea polepole sana, viwili, vitano, kisha vyote. Walikuwa wamefundishwa kuburuta miguu na kunyoosha mikono mbele. Lakini chai ilikuwa tayari kuchumwa, majani mawili na chipukizi yamesimama kila mahali, na mikono yao ilipopita juu yake ilishindwa kujizuia. Walikuja wakichuma. Hakuna aliyesema neno. Ulisikia tu ule mkatiko mdogo wa majani, tki, tki, tki, ukipanda kilima. Chepyegon alishika nguzo ya geti. Alijua ni Loice, ni mama wa mchungaji, ni jirani zake. Na bado alijikuta akizihesabu nyuso moja moja, kama mtu aliyekuja kumpokea mgeni.

Honi ikalia mara ya pili kule chini. Kipkurui alikuwa anajaribu kuwaambia watu wapande kanisani, na hakuwa na njia nyingine ya kusema ila ile ile.

Mazombi walisimama. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na konzi la majani mkononi, na wengine walikuwa wamejaza aproni. Mmoja aligeuka, wa pili akamfuata, halafu wote wakashuka wakikimbia na majivu yao usoni kwenda kupimiwa.

Nyuma yao alibaki mmoja ambaye hakuwa zombi. Jentrix alikuwa amemwagiza Eucabeth, mke wa Ogola, awe mtu wa kanuni ya nne. Alitakiwa kuja hadi hatua ishirini kutoka getini, aanguke, alale hapo asiondoke mpaka aambiwe, ili ionekane kama mtu wa geti atafunga. Eucabeth alikuwa mtu wa kushika neno lake. Alitokea kwenye ukungu peke yake, akayumba, akaanguka kwa ubavu kati ya mistari miwili. Na kwa sababu ya umande alikuwa amevaa aproni ya plastiki ya kijani, yenye kiraka cheupe begani, ambayo yeye mwenyewe alipewa siku ya kugawa nguo za marehemu Janeffer. Alikuwa ameitunza miezi yote hiyo bila kuivaa. Asubuhi ile alitoka mbio akachukua iliyo karibu.

Chepyegon aliiona aproni ile ikilala chini. Mkono wake ulikuwa kwenye geti. Kanuni ilikuwa wazi, na chuma kilikuwa baridi, na kilikuwa chepesi; kilihitaji kusukumwa kidogo tu.

Aliliacha geti wazi akaenda.

Hatua ishirini zile zilimchukua muda mrefu, au ndivyo alivyoona. Chai ilimlowesha hadi kiunoni. Alipofika hakumgusa Eucabeth. Aliketi kwenye udongo kando ya kichwa chake, miguu ameinyoosha kwenye mstari, akavua koti akamfunika.

"Baba Chela," Eucabeth alinong'ona, macho ameyafumba, "rudi getini. Yule msichana anaandika."

"Wacha aandike."

"Mimi nimekufa."

"Najua."

Hakuwa anajua tena alikuwa anazungumza na nani, na hilo halikumsumbua. Ukungu ulikuwa umewafunika kabisa. Kituo, kanisa, kilima, vyote vilikuwa mahali pengine. Palikuwa na mistari miwili ya chai na matone yakianguka kutoka jani hadi jani, na mwanamke amelala, na yeye yuko. Alikaa. Hakufanya kitu kingine chochote. Miezi kumi na mmoja mwili wake ulikuwa umekimbia, hata usingizini ulikuwa ukikimbia, na sasa alihisi magoti yake yakitulia, kwanza moja, halafu la pili.

Baada ya muda aliuliza, "Ukiwa hapo chini, unaona nini?"

Eucabeth alifumbua macho. Alifikiri kidogo, maana aliona anaulizwa kweli.

"Naona miguu ya chai. Na njia. Naona geti kwa chini kidogo."

"Ulianguka ukiangalia huku?"

"La, nilianguka nikiangalia kule mtoni. Nikageuka."

"Kwa nini uligeuka?"

"Si nikuone ukija," Eucabeth akasema. "Mtu akilala chini anageukia mahali watu watatokea. Ungefanya hivyo hivyo."

Chepyegon alitazama chini ya chai, kwenye ile njia nyembamba ya udongo mwekundu, akaiona vile mtu aliyelala angeiona, ndefu, iko wazi, ikingoja miguu. Aliinamisha kichwa. Eucabeth alisikia anapumua kama mtu anayebeba mzigo, na ndipo akatazama aproni aliyovaa. Alitaka kuomba msamaha, akaona si wakati wa maneno. Alitoa mkono chini ya koti akaushika wake, naye akauacha ushikwe.

Hivyo ndivyo watu walivyowakuta. Walipanda wote, Jentrix mbele, walio hai na waliokufa wamechanganyika, wengine bado na magunia mgongoni. Binti alikuwa amekasirika kwa adabu. Alisema geti limekaa wazi dakika ishirini na tatu. Alisema kwa hesabu yake Kaptarus nzima imeliwa, hakuna aliyebaki wa kusimulia. Kisha akamuuliza Chepyegon kwa nini hakufunga.

Chepyegon alisimama taratibu na kupangusa udongo suruali. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Janeffer nilimwacha," alisema. "Nyinyi wote mnajua nilikimbia, mkaniambia nilifanya vizuri. Nilikuwa mmoja na kazi zilikuwa mbili. Kukaa na kukimbia. Nikachagua kukimbia. Sitatia sahihi karatasi inayosema hiyo ndiyo sheria."

Mvua ya mawe ya siku ile kila mmoja aliikumbuka. Mwenye mlango wa kwanza alikuwa pale, na wa pili, na wa tatu, na wa tatu alikuwa Phyllis. Alitua gunia lake chini. Aliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya karani, leo tangu honi ilie mpaka watu kufika kituoni zilikuwa dakika ngapi.

Jentrix alitazama karatasi. Alisema sita. Watu mia moja na kumi, dakika sita. Alisema hajawahi kuona hivyo popote, ila walikwenda mahali pasipotakiwa.

"Basi mahali ndipo tubadilishe," Phyllis akasema. "Hawa watu huwezi kubadilisha."

Walibishana pale pale kwenye chai hadi ukungu ukainuka. Jentrix alitetea wataalamu wake, na si kwamba hakuwa na hoja, lakini alikuwa mmoja na wao walikuwa mia. Ogola alisema anaweza kufunga honi ya lori kuukuu na betri kwenye nguzo ya kituo, mtu yeyote aibonyeze wakati wowote, na kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Kipngetich alitaka ijaribiwe kwanza akiwa amelala. Mwishoni Phyllis alikaa juu ya gunia akaifuta kanuni ya nne na kuandika nyingine. Aliyeanguka asiachwe peke yake. Mmoja akae naye, mwingine akimbie akapige honi. Na kila nyumba iandike mapema ni nani wa kukaa na ni nani wa kukimbia.

Watatu wale walitia sahihi. Jentrix aliipa Kaptarus alama chache sana kwenye zoezi, akasema lazima awe mkweli, na akabeba mpango kama ulivyo. Alipokuwa akiingia garini alimpa Mzee Kipngetich mkono, na mzee akamwambia asiwasahau watu wa Londiani, awaombe radhi.

Mchana huo orodha ilizunguka nyumba kwa nyumba. Ilikuwa rahisi. Mume anakaa, mtoto anakimbia. Nyanya anakaa, mkamwana anakimbia. Ilipofika kwa Chepyegon aliitazama mistari miwili iliyo mbele ya jina lake na hakuandika kitu, kwa sababu nyumbani mwake alikuwa yeye tu, na mtu hawezi kujiandika kukaa na maiti yake mwenyewe. Aliipeleka kwa jirani hivyo hivyo. Jumapili baada ya ibada aliiona ikiwa imebandikwa mlangoni mwa kanisa, na mistari yake haikuwa mitupu. Kwenye kukimbia palikuwa na jina la Eucabeth. Kwenye kukaa palikuwa na jina la Ogola, kwa herufi kubwa za fundi.

Jumatatu Chepyegon alikuwa amemaliza kukamua ndipo akasikia gambuti zikivuka ua. Ogola alitokea nyuma ya zizi, hana soksi, shati halijafungwa vifungo, anahema. Aliangalia saa yake.

"Dakika nne."

"Sijakuita," Chepyegon akasema.

"Najua hujaniita. Nimekuja mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Wewe uliandikwa kukaa. Wa kukimbia ni mama."

"Ndiyo," Ogola akasema. Alivuta kile kigoda cha kukamulia, akakipangusa kwa kiganja, akaketi na kunyoosha miguu yake yenye magoti mabaya. "Nimekuja mazoezi ya kukaa."

Chepyegon alimtazama. Kisha alichukua ndoo ya maziwa akaiingiza jikoni, akawasha moto na kuteleka sufuria ya watu wawili. Alirudi nje akageuza debe, akaketi kando yake. Wakakaa hivyo mpaka chai ikachemka.